Mguu wa Chacha Mwenye Bucha

Naitwa Rhobi, lakini jina hilo wamebaki nalo dada zangu tu. Kwa watu wengine wote mimi ni Sista, hata sasa ambapo nimestaafu uuguzi na nalima mtama kama jirani yeyote. Juzi wauguzi wawili wapya walipita nyumbani kunisalimia. Baada ya shikamoo na chai, mmoja akaniuliza ni ugonjwa gani ulionifundisha zaidi katika miaka yangu yote ya kazi. Nadhani alitegemea nitaje malaria kali au uzazi mgumu. Nikamwambia ni mishipa ya miguu.

Wakatazamana. Yule mwingine akasema kwa adabu, "Sista, ile inayojitokeza kwenye miguu ya watu wazima?"

"Hiyo hiyo."

Nikaona usoni mwao kwamba wanadhani bibi ameanza kuchanganya mambo. Basi ninaandika haya kwa ajili yao na wenzao, kwa sababu nami niliwahi kuiona mishipa hiyo si kitu, na fikra hizo nusura zimuue mtu mwenye kilo mia na kitu.

Aliyenifundisha habari za mishipa hiyo ni Tabibu Masanja, Msukuma mmoja mrefu, mpole, asiyepandisha sauti hata akikanyagwa. Nilianza kazi chini yake kwenye zahanati moja karibu na Sirari. Siku moja akaja mama mbadili fedha, wale wanaosimama mpakani kutwa nzima wakisubiri madereva wa malori. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na mishipa iliyojikunjakunja chini ya ngozi, na kila jioni ulivimba. Tabibu akaniambia, "Mfunge bandeji ya kuvutika, nakuja kumwona." Kisha akaenda kula.

Mimi nilikuwa nimefaulu vizuri chuoni, kwa hiyo sikuuliza. Nilianzia chini ya goti, nikakaza kweli kweli hapo juu ili isishuke, nikateremka nayo nikilegeza kidogo kidogo, ikaniishia juu ya kifundo. Unyayo ukabaki nje kama mgeni aliyekosa kiti. Yule mama hakumsubiri Tabibu. Alikuwa na haraka ya kurudi mpakani. Kesho yake alikuja ameshika kiatu mkononi.

"Sista, hii mguu imekuwa mkate," alisema. Alikuwa mtu wa Isebania, upande wa Kenya, na Kiswahili chake kilivuka mpaka pamoja naye.

Kweli unyayo ulikuwa umeumuka. Tabibu Masanja akautazama, akanitazama na mimi.

"Umemfunga kama gunia la mahindi," akasema. "Gunia tunalifunga mdomoni ili kitu kisitoke. Wewe unataka damu itoke huku chini ipande juu. Sasa umeifungia njia."

Akanitoa nje mpaka kwenye kisima cha zahanati, chenye pampu ya mkono ambayo kila mtu aliilaani. "Pampu," akaniambia. Nikapampu mpaka jasho likanitoka. Maji yalipofika juu nikaacha kidogo nivute pumzi, yakarudi chini yote, yakikoroma.

"Mle chini kuna kilango cha mpira," akasema. "Kikiwa kizima, maji yakishapanda hayarudi. Hiki kimelika. Mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni kwenda moyoni ina vilango vya namna hiyo hiyo. Vikilegea damu inashuka, inajaa, mshipa unapanuka na kujikunja. Sasa niambie, mkono wa pampu ni nini?"

"Moyo," nikasema.

"Moyo uko mbali. Mkono wa pampu ni shavu la mguu. Ukitembea, unapampu. Ukisimama tuli kama yule mama, hakuna anayepampu."

Ndipo akanifundisha kufunga. Unaanzia kwenye mzizi wa vidole, unafunika kisigino, unakaza zaidi kwenye kifundo na kulegeza kadiri unavyopanda, unaishia chini ya goti. Lakini kabla hujagusa bandeji unatafuta mapigo ya damu juu ya unyayo. Usipoyapata, au mguu ukiwa wa baridi, huufungi, maana huenda damu haifiki huko chini sawasawa, na wewe utamaliza hata ile kidogo inayofika. Vidole vikigeuka rangi au vikifa ganzi, fungua haraka. Siku ile nilifunga mguu wa Tabibu mwenyewe mara sita, naye akila karanga, akisema kila mara, "Bado gunia. Rudia."

Miaka mingi baadaye nilihamia upande wa Nyansurura, na sasa ni mimi niliyekuwa nafundisha wengine. Hapo ndipo mtu huharibika.

Chacha alikuwa na bucha karibu na uwanja wa mnada. Mtu mkubwa, sauti kubwa, anasimama mbele ya gogo lake la kukatia nyama tangu alfajiri mpaka nyama iishe. Mguu wake wa kulia ulikuwa na mishipa minene kama kidole, inayoshuka kutoka pajani mpaka kifundoni. Vijana wa mnadani waliiita nyaya za umeme. Yeye aliiita nguvu. "Mura, kijana wangu, mshipa wa mwanamume lazima uonekane," alikuwa akiwaambia, suruali imepandishwa, mguu ameukaza.

Haya yote nilikuja kuyasikia baadaye. Mimi nilimwona kwa mara ya kwanza siku ya kliniki ya watoto, benchi zimejaa mama na watoto wanaolia, naye amekaa katikati yao kama ng'ombe kwenye zizi la mbuzi. Alivua gambuti moja akaniinulia mguu pale pale alipokaa. Juu ya kifundo, upande wa ndani, ngozi ilikuwa nyeusi kuliko mahali pengine, kavu, ina magamba.

"Inawasha, Sista. Na jioni mguu unakuwa mzito kama nimebeba ndama."

"Fangasi," nikasema. "Hizo gambuti hazipitishi hewa. Acha kuzivaa. Na kuhusu uzito, punguza ugali."

Nikampa dawa ya kupaka. Baada ya wiki mbili akarudi, anajikuna vilevile. Nikampa dawa ileile, tyubu kubwa zaidi.

Sikumsimamisha. Wanangu, mkisahau mengine yote shikeni hili: mguu wa mtu mwenye mishipa iliyovimba unatazamwa akiwa amesimama, suruali imepanda mpaka juu. Akikaa na kuinua mguu, damu inashuka kurudi mwilini, mishipa inajificha, nawe unabaki kutazama ngozi. Ile ngozi nyeusi inayowasha ni damu iliyokaa chini muda mrefu mpaka ikaanza kuharibu ngozi kutoka ndani. Baada yake hufuata kidonda kisichopona. Nilijua. Nilishafundishwa kisimani. Ila siku ile nilikuwa na haraka, na nilijiona najua zaidi ya macho yangu.

Chacha alinitii. Aliacha gambuti, akawa anakata nyama amevaa kandambili. Siku moja ya mnada, bucha imejaa wateja, akasogeza ndoo ya utumbo kwa mguu, na ukingo wa ndoo ukamkwaruza pale alipokuwa amejikuna. Hakusikia maumivu yoyote. Mshipa wa namna hii ukipasuka mara nyingi hauumi, na hiyo ndiyo hatari yake. Tena fikirini alipokuwa: sakafu ya bucha siku zote ina damu. Akaendelea kukata nyama na kutania wateja, na damu yake ikichanganyika na ya ng'ombe.

Aliyegundua ni mke wake, Bhoke, mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno. Alikuja na chupa ya chai, akasimama mlangoni akitazama sakafu.

"Huyu ng'ombe mmemchinja alfajiri," akasema. "Mbona damu yake bado inatiririka?"

Wote wakatazama chini. Ilikuwa inatoka kwenye kandambili.

Chacha akasema si kitu. Kisha akashika gogo asianguke.

Mdogo wake, Mwita, alifanya yote ambayo mtu mwenye upendo na asiyejua angefanya. Alimkalisha kwenye kiti, mguu ukining'inia. Akamfunga kamba ya kuswagia ng'ombe juu ya goti, akakaza. Mtu mwingine akamwagia kidonda majani ya chai, mwingine unga wa muhogo. Damu ikaongezeka, kwa sababu kamba ilikuwa imezuia ile inayopanda, na iliyokuwa ikishuka bado ilikuwa inashuka. Akatumwa dereva wa bodaboda kunifuata. Alifika zahanati akasema maneno matatu tu: "Sista, Chacha anaisha."

Nilimkuta amekuwa na rangi ya majivu, jasho la baridi usoni, kichwa kimelalia kifuani.

"Mlazeni chini," nikasema.

Mwita akasita. "Sista, chini kuna damu."

"Nyingine ni yake. Mlazeni."

Wakamlaza wanaume sita. Nikachukua kisu chake mwenyewe nikakata ile kamba, kisha nikaagiza mguu wake uinuliwe, ukae juu ya lile gogo la kukatia nyama, maana hapakuwa na kitu kingine kirefu. Nikafuta ule unga. Tundu lenyewe lilikuwa dogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Nikaweka shashi safi, nikakandamiza kwa kiganja na uzito wangu wote, nikamwambia Bhoke atazame saa.

Wakati huo huo aliingia mteja mmoja kununua maini. Akaona mguu wa Chacha juu ya gogo, na kisu kikubwa pembeni ya goti langu. Akarudi kinyumenyume mpaka nje, bila kuaga.

Dakika kumi sikuinua kiganja kuchungulia hata mara moja. Mkichungulia mnaanza upya. Nilipoinua, damu ilikuwa imesimama. Mmoja akanong'ona, "Amesoma dua gani?"

Mzee mmoja muuza ng'ombe akamjibu, "Hakusoma kitu. Amemlaza tu, akainua mguu."

Nilimfunga bandeji kuanzia vidoleni, tukampeleka zahanati, nikamtundikia maji. Jioni rangi ilipomrudia nilivuta kiti karibu na kitanda. Bhoke alikuwa amekaa upande wa pili.

"Chacha," nikasema, "hii haikuwa fangasi. Ni mshipa, na nilipaswa kuuona ulipokuja mara ya kwanza. Nilikosea mara mbili. Na gambuti nilikuvua mimi."

Akatazama dari.

"Kwa hiyo ile dawa ya kupaka haikuwa na kazi?"

"Kwako haikuwa na kazi."

"Tyubu ya pili nilimpaka ndama," akasema. "Alipona."

Mimi nilitaka kucheka na kulia. Bhoke hakufanya lolote kati ya hayo. Alisema polepole, "Sista, ungeniachia watoto watano." Nikasema najua. Akaitikia kwa kichwa. Nimewahi kufokewa na wakubwa wengi kazini, wala sikumbuki walisema nini. Hilo la Bhoke ninalikumbuka.

Kuanzia hapo nilimfuatilia Chacha kama mtoto njiti. Nilimwagiza alale mara tatu kwa siku, miguu ikiwa juu kuliko moyo, kila mara nusu saa. Akaweka benchi ndani ya bucha, akawa analala chali, visigino ukutani. Wiki ya kwanza wateja wawili walirudi kijijini kwao na habari kwamba Chacha amefariki, amelazwa buchani, na jioni ikaja pikipiki ina wazee watatu waliokuja kutoa pole. Walipokabidhiwa maini ya bure, wazee hawakulalamika.

Baadaye tuliagiza soksi za kubana kutoka dukani mjini. Soksi hizo zinavaliwa asubuhi kabla mtu hajashuka kitandani, mguu ukiwa bado haujavimba, na kuzivaa ni kazi. Mguu wa Chacha ulihitaji watu wawili. Asubuhi ya kwanza jirani yao alikuja mbio na fimbo kuamua ugomvi, kwa sababu alisikia Bhoke akisema, "Tulia, nimekwambia tulia, nitakuvunja," na Chacha akigugumia. Akakuta mtu mzima ameinua mguu hewani na mke wake ameushika kama anayevuta punda kutoka kwenye tope.

Nilimnunulisha pia kigoda kirefu akatie nyama amekaa, na nikamwambia kila akiuza kilo kadhaa azunguke bucha mara moja, au ainuke kwa ncha za vidole na kushuka, apampu. Ngozi aliipaka mafuta mepesi. Baada ya miezi miwili kuwasha kulikuwa kumepungua sana. Mwita naye akaleta habari za mzee mmoja anayechanja mishipa kwa wembe na kutoa damu mbaya. Nilikuwa nafungua mdomo nikataze, Chacha akanitangulia.

"Mdogo wangu, siku ile nilimwaga mbaya na nzuri pamoja. Haikubaki ya kuchagua."

Nawaambia na ninyi: msiruhusu wembe uguse mishipa hiyo. Mama mjamzito akiipata, mtulize, nyingi hupungua baada ya kujifungua; mpe mapumziko ya miguu na soksi. Lakini mtu akija mguu mmoja umevimba ghafla, wa moto, shavu la mguu linauma, hapo msimkande na msimwambie atembee. Huenda damu imeganda ndani kabisa. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na akisema kifua kinabana, msisubiri hata gari zuri.

Miguu kuinuliwa na soksi vilimsaidia Chacha, ila vilango vilivyolika havioti tena, na mshipa uliokwisha kupasuka utapasuka tena. Nikamwandikia rufaa ya hospitali kubwa. Hapo yule mwanamume aliyesimama mbele ya ngariba bila kupepesa akaanza kuwa na shughuli. Kwanza kulikuwa na mnada. Kisha mvua. Kisha ng'ombe wake alikuwa karibu kuzaa. Ng'ombe alipozaa, Chacha akasema ndama anamhitaji. Bhoke hakubishana. Alifunga begi, akaliweka mlangoni, akakaa juu yake tangu alfajiri mpaka Chacha akavaa viatu.

Niliomba ruhusa nikawasindikiza. Daktari wa upasuaji alikuwa binti mdogo wa umbo, umri wa mtoto wa kwanza wa Chacha. Alimsimamisha, akapitisha kile kifaa cha altrasaundi mguuni, akatusikilizisha damu ikirudi chini kwa mvumo. Akaeleza kwamba atautia mguu ganzi, kisha autoe ule mshipa ulioharibika.

"Mwanangu," Chacha akamwuliza, "ukiutoa, damu itapita wapi?"

"Iko mingine ya ndani, mizima, ndiyo inayofanya kazi kubwa. Huu ni barabara mbovu, baba. Tunaifunga ili magari yapite kwenye lami."

"Na hiyo lami umeikagua?"

"Nimeikagua sasa hivi, wewe ukiwa umefumba macho."

Bhoke akageuka upande wa dirisha, asionekane anatabasamu.

Upasuaji ulikwenda vizuri, na siku hiyo hiyo walimtaka ainuke atembee. Akatembea wodi nzima, akimweleza kila mgonjwa jambo la vilango. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye korido na daktari, nikipokea maelekezo ya nyumbani: atembee kila siku, asisimame tuli, soksi ziendelee, ajue kwamba mingine inaweza kujitokeza baadaye. Nikawa natikisa kichwa kama mtaalamu kwa mtaalamu. Ghafla akaacha kuzungumza.

"Sista, tangu tumesimama hapa umebadilisha mguu mara nane. Naomba nione."

"Mimi ni msindikizaji," nikasema.

"Naona. Tuingie chumbani."

Nilikuwa nimevaa soksi nene za kahawia, kama nilivyovaa kila siku kazini, jua au mvua, na watu wote walidhani ni nidhamu. Nilipozivua, Bhoke, aliyekuwa ameingia nyuma yetu, akainama kutazama. Mishipa ilikuwa kwenye miguu yote miwili, tangu mimba yangu ya tatu, na kwenye kifundo cha kushoto ngozi ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Sikuwahi kumwonyesha mtu. Niliona aibu, mwalimu wa wengine kuwa na ugonjwa anaoufundisha. Muda wa kulala na kuinua miguu nilikuwa nawapa wagonjwa tu, nami nasimama kuwasimamia.

"Unapaka nini hapo kwenye kifundo?" daktari akauliza.

Nikaokota soksi zangu. Bhoke akasema, "Ile ya ndama?"

Sikuweza kukataa. Bhoke, ambaye hakuwa amecheka mbele yangu tangu siku ya bucha, alicheka mpaka akakaa sakafuni. Daktari akaniandikia tarehe, na karatasi akaichukua Bhoke.

Tarehe ilipofika mimi nami nilikuwa na shughuli. Mtama ulikuwa unahitaji palizi. Bhoke akaja na begi lake, akalikalia mlangoni kwangu, na Chacha nyuma yake, amevaa koti, ile karatasi ya tarehe yangu mkononi. Hospitalini foleni ilikuwa ndefu, nao wagonjwa walikuwa wamechoka kusubiri, kwa hiyo akaanza kuwaelimisha. Nilipoitwa ndani ndiyo kwanza alikuwa anaeleza habari za paja. Nilipotoka, nikitembea kwa miguu yangu mwenyewe, bandeji mpaka juu, Chacha alikuwa amefika kwenye kifundo, na foleni nzima, pamoja na mlinzi wa getini, ilikuwa imesimama, suruali na magauni yamepandishwa magotini, kila mtu ameinama akikagua miguu ya jirani yake.